Mwaka wa Saa ya Miguu

Mama alipofariki tulimzika Kinakomba, katika ardhi ya mume wangu, juu kidogo ya mashamba, mahali ambapo maji ya mto hayafiki hata yakipanda vipi. Wakati wa matanga akaja mjukuu wa ndugu yake, kijana mwalimu, kanzu imepigwa pasi, akaketi mkekani karibu nami na kuniuliza kwa adabu marehemu alizaa watoto wangapi, maana alitaka kulitaja hilo kabla ya dua. Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele wakaacha kupepeta. Nikamjibu, "Walikuwepo, baba." Akadhani sikumsikia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama watu wanavyotufanyia sisi wazee. Nikamwambia tena kwamba walikuwepo, na kwamba aende akaangalie kama maji ya chai yamechemka. Hakukosa adabu, maskini. Amesoma tu, na kuhesabu ndiyo kazi ya kwanza wanayofundishwa. Lakini swali lake lilinikaa kifuani kama tonge la sima lililomezwa bila mchuzi, na tangu siku ile nimekuwa nikiufikiria mwaka mmoja ambao kwa umri wangu wote nilijitahidi kuuacha ulipo.

Mwaka huo tulikuwa tukikaa ng'ambo ya Garsen, mimi, Mama na mdogo wangu Komora. Baba nitamwacha, hana lake katika habari hii. Mimi nilikuwa msichana wa kuanza kufunga leso, na Komora alikuwa bado anang'oka meno ya mbele. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, ya mviringo, mlango wake wa kuinamia, na ndani mlikuwa na harufu ya moshi na samaki mkavu isiyotoka hata kwenye nguo zilizofuliwa. Mama alipika mara moja kwa siku, jua likishuka, ndizi mbichi za kuchemsha na kambare, au sima kama mahindi yapo, nasi tukakizunguka chungu kimoja huku Komora akisimulia mambo yake mdomo umejaa. Alikuwa mtoto asiyetulia. Mama alizoea kusema kwamba huyu alizaliwa bila makalio, maana hajapata kumwona ameyakalia. Alfajiri alikuwa ameshavuka mto kwenda kwenye dungu letu, lile jukwaa la miti tunalojenga katikati ya mpunga, na huko alirusha mawe kwa kombeo, akapiga kelele, akashuka, akawakimbiza ndege waliohamia upande wa pili, akapanda tena, mpaka jua likawa kali na ndege wakaenda zao kivulini. Ndipo alipovuka kuja shule. Na alipokaa darasani, alilala. Nani angemlaumu?

Shule ilikuwa ya wamishonari. Chumba kirefu cha udongo, paa la makuti lililojaa popo, na mabao ya mkoma ya kukalia yaliyotuachia alama nyuma ya mapaja. Mbele kulikuwa na mlango wa chumba cha Bwana mwenyewe, na ukiwa wazi tuliona meza, kitanda chembamba chenye chandarua, na kabati la dawa ambalo harufu yake ilitufikia mpaka nyuma. Tulimwita Bwana Pole, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza alilojifunza, akalitumia kwa kila kitu, msiba, harusi na mtoto aliyejikwaa. Maneno mazito aliyapitisha kwa Mwalimu Athmani, mtu wa Kipini, mwenye sauti laini na kofia nyeupe isiyo na doa, aliyetufundisha herufi na kumtafsiria Bwana. Sitaki mtu asome haya akadhani Bwana Pole alikuwa katili. Ningependa angekuwa katili, ingenisaidia. Alituosha vidonda kwa mikono yake mwenyewe, na alikuwa na wasiwasi wa kweli juu yetu. Watoto wa mtoni walisinzia masomoni, naye alihofia safura, ugonjwa ule unaokausha damu mpaka mtoto anaona uzito hata kuinua mguu. Alitaka kujua nani anatembea na kucheza kama mtoto anavyopaswa, na nani anazimika polepole. Kwa kuwa hakuweza kutufuata mashambani na malishoni, aliagiza kwao saa za miguu.

Zilikuwa chache, za shaba, mfano wa saa ya mfukoni, ila mshale wake haukusogezwa na wakati. Ulisogezwa na hatua. Mtoto alifungwa saa kiunoni kwa ukanda siku ya Jumatatu, akaenda nayo kila aendako, na Jumamosi Bwana akaisoma. Tulivaa kwa zamu. Watoto wa wafugaji, waliokuwa wakishinda nyikani nyuma ya ng'ombe, walisogeza mshale mpaka Bwana akawa anacheka peke yake, na aliyesogeza zaidi alipewa kipande cha sukari guru. Zamu ya kwanza ya Komora, akawashinda hata wao. Alirudi nyumbani shavu limetuna kwa sukari guru, akatusimulia na kurudia kutusimulia kabla hajakaa. Akamwambia Mama kwamba amehesabiwa kuliko watoto wote wa shule.

Mama alikuwa akipakua. Mkono ukamsimama. Akauliza ni nani aliyemhesabu. Komora akafurahi kuulizwa, akaeleza yote, kwamba kila anapoinua mguu kile kitu kinajua, hata akiwa peke yake, hata akienda kichakani kujisaidia. Vijana wa siku hizi watacheka, lakini kwetu mtoto hahesabiwi. Ukiulizwa unao wangapi, unasema wapo. Tulilelewa tukijua kwamba ukishakihesabu kitu umekiwekea mwisho, na Mama alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuamini hivyo. Mtu wa boma aliwahi kupita akihesabu vichwa mlangoni kwetu, naye Mama kwa woga akamtajia, na kabla ya mafuriko kurudi, wawili kati ya aliowataja walikuwa kaburini. Jioni ile Mama alimpa Komora samaki wote, mimi nikala ndizi na mchuzi, na kila nilipoinua macho nilimkuta akiitazama miguu ya mtoto.

Zamu ya Komora ilipofika tena, Mama alimvua saa mara tu tulipoingia nyumbani, akaitundika kwenye nguzo ya kati, nyuma ya samaki. Ikakaa pale wiki nzima, na kwa kuwa shuka ya Komora ilifunika kiuno, shuleni hakuna aliyejua. Jumamosi asubuhi akamfunga tena, akapiga goti mbele yake, akamwambia, "Hiki kitu kikiwa mwilini mwako, usitembee. Kaa. Kikikosa cha kuhesabu kitakuacha." Komora akaitika. Akauliza kama anaruhusiwa kurusha mawe akiwa amekaa, na Mama akasema anaruhusiwa. Njiani kwenda shule nilimbeba mgongoni, mzito vile, kwa sababu ndivyo Mama alivyotaka. Basi mshale ukarudi kwa Bwana karibu na pale ulipoanzia, na zamu iliyofuata ikawa vilevile. Mama aliona amemshinda adui. Akaanza tena kuimba akitwanga, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya sukari guru, na mimi nilizisikia nyimbo zile nikadhani mambo yamekwisha.

Kumbe nyuma ya ule mlango wa Bwana ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Niliyasikia nikifagia ukumbi wa nje, kazi ya wasichana wakubwa. Bwana alikuwa akimwambia Mwalimu Athmani, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kwamba mtoto aliyewapita wote sasa hasogei kabisa. Darasani analala. Kope zake ukizifunua ni nyeupe. Alilitaja neno safura tena na tena. Mwalimu Athmani akasema taratibu kwamba watoto wanaolinda ndege huchoka. Bwana akajibu kwamba anayelinda ndege angesogeza mshale, na kwamba ndiyo sababu hasa ya kuleta saa hizi, ili asitegemee maneno ya watu. Kisha akasema kwamba msimu huu Kipini kuna daktari, na mtumbwi wa misheni utashuka karibuni, na mtoto alale hapahapa misheni tangu leo, apewe dawa. Niliacha ufagio pale pale nikakimbia shambani kwa Mama.

Mama alikuja kama alivyo, mikono ina tope. Alisimama katika mlango wa chumba kile ambacho hakuwahi kukanyaga, na hakungoja mkalimani, akasema kwa Kiswahili chake kichache. "Bwana, mimi natoa ile saa. Mimi natundika kwa nguzo. Mtoto nakimbia, saa iko kwa nguzo. Yeye hana ugonjwa. Ni mimi." Mwalimu Athmani akachelea kwamba hayakueleweka, akayarudia yote kwa mpango, na sababu yake pia. Bwana alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulijaa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyotumaliza, maana nilijua kabla hajafungua kinywa kwamba anamwona mama anayetunga uongo asitenganishwe na mwanawe. Wengi walikuwa wamekwisha kumdanganya hivyo. Hata hivyo alikuwa mtu wa haki, na haki yake ikawa hii: kesho Komora atafungwa saa ndani ya ua wa misheni, kutwa nzima, mbele ya macho yake. Shule itafungwa. Hakuna atakayesema na mtoto, wala mama yake asikaribie, kipimo kisije kikaharibika. Mama alikubali. Alimshukuru. Tulipokuwa tukirudi alikaribia kucheka, akasema kesho watamwona mgonjwa wao atakavyowavunjia ua. Tulikuwa tumeshuka hadi kwenye migomba ndipo aliposimama ghafla akanishika mkono. Alikuwa amekumbuka alilomwambia mtoto.

Tulirudi mbio. Mlango wa ua ulikuwa umefungwa, na mlinzi akasema amri ni amri. Mama akamwita Mwalimu Athmani, akamsihi aingie amwambie Komora maneno mawili tu, kwamba sasa anaweza kutembea. "Mamake, Bwana ameniapisha nisinene naye," Mwalimu alisema. "Nikinena, na kipimo cha kesho hakiamini, na mimi haniamini tena. Niwate hivi, huenda yakawa mema." Kwao Kipini kuwata ni kuacha. Nimemlaani mtu yule miaka mingi, na nimemsamehe, na kuna siku namlaani upya. Alikuwa na watoto Kipini waliokula kwa kazi ile.

Siku iliyofuata niliiona kutoka kwenye migomba, kupitia mianya ya ua wa miiba. Komora aliketi kwenye kidato cha mbele ya nyumba ya Bwana, ile shaba kiunoni, mikono juu ya mapaja. Bwana aliketi kwenye kiti chake mbali kidogo, na alikuwa amemwekea mpira wa matambara pale miguuni. Komora akautazama. Kuku na vifaranga wake wakapita karibu kabisa, nikaona mguu wake mmoja ukirukaruka wenyewe, naye akaushika gotini kwa mikono miwili akaubana. Alikuwa akijitahidi. Mimi nimelea watoto na wajukuu, na sijaona tena mtoto akijitahidi namna ile. Jua lilipofika utosini Mama alishindwa kuvumilia. Alitoka kwenye migomba tulipokuwa tumejificha, akapiga kelele kutoka mbali, kwa lugha yetu, atembee, akimbie. Upepo ulikuwa wa mtoni, ukichukua sauti kuipeleka upande mwingine. Komora alimwona, hakumsikia. Akamchekea kwa yale mapengo yake, akanyoosha mgongo, akabana miguu zaidi, ili Mama aone jinsi anavyotii. Mlinzi akaja akatuondoa. Nimeambiwa kwamba jioni Bwana alisoma mshale, akaenda akaketi na mtoto kwenye kile kidato, akamwekea mkono begani na kukaa hivyo hadi giza likaingia.

Mtumbwi uliondoka siku chache baadaye. Kule bandarini Komora alikuwa na swali moja tu, kama alikaa vizuri. Mama akamwambia alikaa vizuri sana. Kisha akamwambia kwamba huko aendako asikae tena, atembee na kucheza kadiri anavyotaka, wamwone kwamba ni mzima. Komora akauliza kama hiyo ni kweli au ni ya kumjaribu. Mama alimwapia. Hakulia mpaka mtumbwi ulipokata kona, na alipolia hakukaa chini, alilia akitembea, shambani, mtoni, kisimani, nami nikimfuata nyuma kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Chakula tulichopika mwezi ule kilikuwa kingi mno. Hatukuzoea chungu cha watu wawili.

Mvua za huko juu zilinyesha na mto ukafura. Maji ya rangi ya udongo yaliingia mashambani, yakabeba dungu letu lote. Ndipo Bwana alipotuita. Wapiga kasia walikuwa wamefika kutoka Kipini kwa taabu kubwa, na safari hii Mama alipewa kiti na chai yenye sukari nyingi. Bwana alikuwa na furaha kuliko siku zote nilizomwona. Daktari wa kule alimfunga Komora saa nyingine, na kila siku mshale unasogea kuliko jana. Hakuna mtoto anayetembea kama yeye. Dawa imefanya kazi, mto ukipungua atarudishwa. Mwalimu Athmani akayatafsiri haya akitabasamu, na mimi nilitabasamu, na hata Mama, kwa kitambo kifupi. Kisha akauliza, "Mtoto natembea wapi?" Bwana hakujua. Swali likaulizwa kwa mpiga kasia mmoja aliyekuwa mlangoni akikamua nguo yake. Yeye akajibu bila kujali sana kwamba mtoto yule hutoka asubuhi akafuata ukingo wa mto kuja huku juu, na askari humfuata kumrudisha, na kila siku humkuta mbele zaidi.

Mama aliweka kikombe chini. "Mwalimu, sema wamfunge," alisema. "Wamfunge kamba mguuni mpaka mimi nafika." Mwalimu Athmani alipotafsiri, Bwana alishtuka, akasema mtoto aliyepona hafungwi kama mbuzi. Mama akarudia maneno yaleyale. Alikuwa amepiga magoti sasa, yeye aliyekuwa hataki hata mtoto wake aguswe na ukanda, akiomba afungwe. Bwana akasema pole. Alisema pia kwamba mtumbwi hauwezi kushuka katika maji yale, na hapo alikuwa na haki, lakini Mama alikaa mlangoni kwake bila kula, na hatimaye wapiga kasia wenyewe wakaona aibu, wakasema watatuteremsha.

Safari ya kushuka ilikuwa ya mbio. Mto ulituchukua kama takataka, katikati ya matete yasiyo na mwisho, na mamba walikuwa wamelala juu ya kila kipande cha ardhi kilichobaki. Mama hakuwa amefumba macho tangu siku ya kikombe. Alikaa mbele akitazama ukingo. Karibu na Chara, mchana kweupe, usingizi ulimshinda, kichwa kikaanguka magotini, na mimi nikamwonea huruma nikamwacha. Tulipofika Kipini askari alikuwa kwenye gati. Hakutuangalia usoni. Mtoto alikuwa ametoka kama kawaida, akasema, na walipomfuata kama kawaida hawakumkuta. Walidhani amepotelea upande wa bahari, wakawa wanatafuta huko.

Tulianza kupanda mto siku ileile, tukisukuma mtumbwi kwa upondo, polepole, tukiita kila penye nchi kavu. Pale Chara mwanamke mmoja aliyekuwa akianika samaki alituitikia. Ndiyo, alimwona mtoto mwenye mapengo, ana kitu cha shaba kiunoni. Alimpa ndizi. Alimuuliza anakwenda wapi akasema nyumbani, akamuuliza ni mbali kiasi gani akasema hajui, ila mto unafika. Alijaribu kumzuia alale, mtoto akakataa, mama yake amemwambia atembee. Mama akauliza ilikuwa lini. Mwanamke akafikiri, akasema ni siku ile mtumbwi uliposhuka na maji kwa kasi na watu ndani, mchana. Mtoto alikuwa hapa nyuma ya nyumba, akila. Alipomaliza akaenda zake juu. Kutoka hapo hadi nyumbani tuliuliza kila kijiji ambacho maji yalikiacha, na hakuna tena aliyemwona.

Mama hakumuuliza Bwana Pole lolote, wala Mwalimu, wala Mungu, nijuavyo mimi. Aliniuliza mimi tu, palepale Chara, kama siku ile tulipopita nilikuwa macho. Nikamwambia nilikuwa macho. Akaniuliza niliona nini. Nikamwambia niliona matete. Hakulirudia swali hilo tena miaka yote tuliyoishi pamoja, mpaka wiki ile aliyokufa, nilipokuwa nikimlisha uji. Aliusukuma mkono wangu kando akauliza niliona nini, nami nikamjibu vilevile.